Kwa wapwa zangu wa Malindi, kuhusu hiyo kampuni yangu

Wapwa zangu,

Ujumbe wenu umenifikia. Mnataka kuanza kazi ya kufua mashuka na taulo za majumba ya wageni kule Casuarina, mmeniomba pesa ya mashine mbili, halafu mkamalizia hivi: "Mjomba, tuandikie na siri za kuongoza biashara, sote tunajua ulivyofanikiwa." Najua mmeyatoa wapi. Barazani hapo Shella imeenea kwamba nina kampuni Italia, nimeandika kazi Wazungu, kazi yangu ni kutia sahihi tu. Ile picha niliyosimama kando ya gari jeupe imezunguka kwenye simu za watu mpaka ikanirudia mwenyewe, chini yake mtu ameandika "tajiri wetu". Iliniudhi, na bado inaniudhi.

Kampuni ipo, sikatai. Imeandikishwa kihalali hapa Bologna, ina namba yake ya kodi, na tuko watu wanne pamoja nami. Tunasafisha ngazi za majumba ya ghorofa na ofisi chache. Ndoo nashika kama wenzangu. Habari za baridi na karatasi za ukaazi mmezisikia kwa kila aliyepita huku, sina haja ya kuzirudia. Mmeniuliza uongozi, nami nitawajibu kwa jambo moja ambalo ndilo linaloninyima usingizi: siku ya mshahara.

Huku mteja halipi ukimaliza kazi. Unampelekea ankara, unangoja. Sheria inasema kampuni ilipe kampuni nyingine ndani ya siku 30, au 60 mkikubaliana, lakini wako wanaopitisha hapo na mnyonge huna wa kumlilia, maana ukimshtaki leo kesho hakupi kazi. Mfanyakazi naye hangojeshwi. Mwezi ukiisha anataka chake, na ni haki yake. Ikifika tarehe 16, serikali nayo inataka kodi na michango ya pensheni ya kila mfanyakazi. Michango ikilala, hupati cheti cha kuonyesha kwamba hudaiwi. Cheti chenyewe kinadumu siku 120 tu, na bila hicho kazi za serikali huzigusi. Halafu inakuja Desemba. Desemba mfanyakazi hulipwa mshahara wa 13, juu ya ule wa kawaida. Na ni Desemba hiyo hiyo simu za nyumbani zinapoanza: karo ya Januari, sare, paa la bi mkubwa, harusi ya jirani ambaye nikiwa hapo hata hakuwa amezaliwa.

Kuna mwaka kampuni moja kubwa tuliyokuwa tukisafisha ofisi zake ilinyamaza kimya. Ankara za tangu kiangazi hazijalipwa, simu hazipokewi. Desemba ikaniingilia hivyo. Nikaenda kuomba kazi ya usiku kwenye jikoni la mkahawa, kuosha masufuria. Yale masufuria makubwa ya mchuzi wa nyama huganda chini mkorogo mweusi mgumu kama lami. Unausugua kwa waya, maji ya moto, mvuke wote usoni, na kila mtu akifungua mlango wa nyuma kutupa taka, baridi inakuingia mgongoni ambako shati limelowa jasho. Usiku mmoja msimamizi wa majumba, mteja wangu, mtu ambaye mchana naketi naye mezani kupatana bei, akaingia humo jikoni kumsalimu mpishi. Akanikuta na aproni, mikono imo sinkini. Tukasalimiana. Mwezi uliofuata akachukua kampuni nyingine.

Lakini watu wangu walilipwa, na huo mshahara wa 13 wakaupata. Huku tangu 2018 mshahara haulipwi mkononi, lazima upite benki. Mmoja wao, mama wa Kiperu, tulikuwa naye kwenye ngazi ujumbe wa benki ulipoingia. Akajifuta mkono kwenye koti, akaitazama simu, akairudisha mfukoni, akaendelea kupiga deki. Hakuniambia asante na sikuitaka. Ilikuwa pesa yake.

Nyumbani sikutuma kitu mwezi ule. Nimebadilika, nimeoa Mzungu kisirisiri, nimesahau nilikotoka, yote nilisemwa. Mama yenu hakunipigia simu mpaka Februari. Simlaumu, dada yangu alikuwa na watoto wa kurudisha shule. Ila mkitaka kujua uongozi ni nini kwangu, ni mwezi ule. Chuoni sote tulikaririshwa kwamba Mtume amesema mpeni mfanyakazi ujira wake kabla jasho lake halijakauka. Anayekufanyia kazi anatangulia ndugu zako, anatangulia gari, anakutangulia wewe mwenyewe. Ndugu atakununia, lakini atabaki ndugu yako. Mfanyakazi uliyemla jasho hana sababu ya kukusamehe.

Na kwetu mnakuona wenyewe. Mwaka 2014, serikali za Ulaya zilipowaonya watu wao wasije pwani, hoteli zikafungwa, watu wakarudi nyumbani na madeni ya mishahara ambayo mengine hayakulipwa kabisa. Mwaka 2020 ndege za nje zilikatwa Machi mpaka Agosti, na Aprili kaunti yote ya Kilifi ikafungwa, hakuna kuingia wala kutoka. Kila mara wafanyakazi waliambiwa neno lile lile: vumilieni. Nimelichukia neno hilo linapotoka kwa mwenye duka. Uvumilivu jitakie nafsi yako. Anayekudai usimwombe uvumilivu, mwoneshe daftari, mwambie lini na kiasi gani.

Sasa kuhusu mashuka yenu. Wazo ni zuri, wallahi nimefurahi, na pia nimeogopa. Majumba ya Casuarina hujaa Desemba mpaka Machi, masika ikiingia hakuna mtu, halafu Agosti Waitaliano wanarudi kidogo kwa sababu Italia nzima huwa imefunga kazi. Agosti hiyo inayowaletea nyinyi mashuka ndiyo inayonifungia mimi ofisi, hakuna wa kusafishiwa wala wa kusoma ankara. Kwa hiyo msiniwekee matumaini Septemba. Pesa ya Januari msiile yote. Pesa ya Januari ndiyo mshahara wa Mei wa mtu wenu wa kupiga pasi. Itengeni kwenye akaunti ya pembeni, na yule asiyeweza kuzuia mkono wake asijue namba ya siri. Mnamjua ni nani.

Maji je, mmefikiria? Kisima cha hapo nyumbani kina chumvi. Sabuni haitoi povu, na shuka jeupe baada ya kufuliwa mara kadhaa linaingia rangi ya manjano, mwenye nyumba anawatoza. Mtahitaji maji ya bomba yale ya Baricho, na tangi kubwa la siku yanapokatika. Tangi kabla ya mashine ya pili. Kila shuka lihesabiwe mbele ya mwenyewe likiingia na likitoka, doa liandikwe kabla halijafuliwa. Mali kauli hakuna, nusu ya pesa mbele, hata akiwa rafiki wa baba yenu. Ila yule mama wa nyumba tatu anayewapa kazi mwaka mzima, huyo mngojeeni, msimwaibishe mlangoni. Nimesema mali kauli hakuna, najua. Mtajifunza nani wa kumfanyia hivi na nani vile, hilo siwezi kuwafundisha kwa simu.

Na kuhusu pesa ninazotuma, kwa kuwa mama yenu aliuliza kwa nini zilipungua 2024. Hazikupungua. Januari ya mwaka ule dola moja ilikuwa karibu shilingi 160, kufikia katikati ya mwaka ikawa kama 130, na yuro nayo ikashuka hivyo hivyo. Mimi nilituma yuro zile zile. Benki Kuu ilisema mwaka huo Wakenya wa nje tulituma nyumbani karibu dola bilioni 4.9, na nikaona watu wameifurahia hiyo bilioni. Ndani yake mna masufuria yangu, na ya wengi wasiowaambia mama zao wanafanya kazi gani.

Mmoja wenu ameniandikia pembeni akitaka nimvute huku. Usije. Umri wako huo, na ufundi wa umeme ulionao, Malindi utakula. Kama utapata mkataba wa kweli, kwa mgao wa nafasi ambao serikali ya huku hutoa kwa wafanyakazi wa kigeni, na mwajiri tumemjua kwa jina na anwani, basi njoo, chumba changu ni chako na nguo za baridi ninazo. Lakini usimpe wakala hata shilingi, na shamba la babu lisiguswe.

Nitatuma pesa ya mashine moja. Nitaituma baada ya tarehe 16 Februari, nikishalipa ya huku. Ni mkopo, si zawadi, na daftari atalishika mama yenu kwa sababu namwamini kuliko nyinyi wawili. Kabla ya hapo niletewe bei ya tangi, bei ya bomba, na mkataba wa maandishi wa huyo mtakayemwajiri kupiga pasi: analipwa kiasi gani, tarehe ngapi, na miezi ya masika atapata nini. Nikiona hapo kwenye mshahara wake mmeandika "tutaelewana", pesa hamtaiona.