Kabla hujanunua globu kali, pima waya

Usiku mmoja nikitoka Tanga, nikiwa nimeshaipita Segera, nilimwona mtu wa baiskeli wakati bampa linakaribia kumgusa. Hakuwa na taa, lakini kosa lilikuwa langu. Taa za gari langu, Toyota IST ya 2003, zilikuwa zinamulika kama koroboi.

Wiki ileile nikaenda gereji, nikauziwa globu za wati 100. Barabara iling'aa siku kumi hivi, kisha nikaanza kusikia harufu ya plastiki inayoungua. Nilipochomoa soketi ya kulia nikakuta imeyeyuka na kuganda kwenye miguu ya globu. Gari hili linatumia globu ya aina ya H4, wati 60 kwa fulu na 55 kwa dimu, na waya zake zimewekwa kwa mzigo huo tu.

Fundi umeme wa pili hakuniuzia kitu kwanza. Alichukua mita, tukawasha taa injini ikiwaka. Kwenye betri volti 14.1, nyuma ya globu 11.9. Volti mbili na zaidi zimeliwa njiani! Na halojeni, yaani globu hizi za kawaida za waya unaowaka, ina wivu na umeme wake: ipunguzie volti asilimia 10 tu, mwanga unashuka karibu asilimia 30. Tukafuata waya wa ethi, ule unaorudisha umeme kwenye betri kupitia bodi, mpaka unapofungwa kwenye bodi, tukakuta kichwa chake kimejaa kutu ya kijani. Tulikikwangua mpaka kikang'aa, tukapaka grisi. Halafu akafunga rilei mbili (swichi zinazowashwa kwa umeme), ya fulu na ya dimu, zinazochukua umeme betrini kupitia fyuzi, swichi ikabaki na kazi ya kuamrisha. Globu tulirudisha za wati 60, na sasa naona shimo mapema.

Kioo cha taa ni plastiki, jua hukigeuza njano. Nilikisugua kwa msasa wa maji namba 800, 1500, kisha 2000, nikamalizia polishi. Usipopaka juu yake klia (rangi angavu) ya kukinga jua, njano inarudi upesi sana. Na globu mpya ishike kwa kitambaa, maana mafuta ya vidole huiunguza.

Nawaomba sana, msitie LED kwenye taa iliyotengenezwa kwa halojeni. Mwanga hutawanyika ukampofusha anayekuja mbele, naye ndiye atakayekuvaa.

Indiketa ikianza kupepesa harakaharaka, jua globu moja imekufa kona fulani. Ukiweka LED itapepesa hivyohivyo mpaka ubadilishe flasha, kifaa kinachoipepesa. Rangi ya chungwa ikibanduka kwenye globu, inunuliwe nyingine.

Taa za breki huzioni ukiwa kwenye usukani. Mimi hurudi rivasi usiku hadi karibu na ukuta wa nyumba, nakanyaga breki na kutazama wekundu kwenye kioo. Upande mmoja ukiwa na giza, globu ya wati 21 inabadilishwa kabla sijatoka getini.