Maswali ya wasomaji: Corfu, kisiwa cha mizeituni

Picha za visiwa vya Ugiriki zote ni mawe na nyumba nyeupe. Hakuna chenye kijani? (Msomaji, Tanga)

Kipo, tena nakipenda kuliko vyote: Corfu, wenyewe wanakiita Kerkyra, mkabala na Albania. Mvua zake ni nyingi kuanzia Oktoba hadi Machi. Lakini kijani kile ni jasho la watu pia. Venisi, mji wa Italia uliokuwa dola enzi hizo na kukitawala kuanzia 1386 hadi 1797, iliwalipa wakulima wapande mizeituni, na leo ipo kwa mamilioni. Kwa desturi haikupogolewa sana, basi imerefuka kama miembe ya zamani, mashina yamejipinda na kutoboka matundu. Chini hutandikwa nyavu nyeusi, zeituni zidondoke zenyewe. Pita hapo asubuhi kwa miguu, taratibu, na nyavu usizikanyage: ndiyo riziki ya mtu.

Nimekulia karibu na Fort Jesus, napenda majengo ya kale. Nitapata nini? (Mwalimu mstaafu, Mombasa)

Shikamoo mwalimu. Utakuta ndugu zake. Fort Jesus ilichorwa na Mwitaliano, Giovanni Battista Cairati, na ngome mbili za mji wa Corfu zinatokana na ufundi huohuo wa Kiitaliano: kuta nene, pembe zilizochomoza ili mzinga wa huku ulinde ukuta wa kule. Mwaka 1716 jeshi la Waosmani, yaani Waturuki, liliuzingira mji likashindwa. Mji Mkongwe wake uliingia orodha ya UNESCO ya Urithi wa Dunia mwaka 2007. Kati ya ngome kongwe na nyumba kuna uwanja mpana, Spianada, ulioachwa wazi ili mizinga ipate shabaha. Siku hizi watu huchezea kriketi hapo, mchezo walioachiwa na Waingereza, walioondoka 1864.

Tuna watoto wadogo. Twende lini, na pwani ipi? (Mama wa watoto wawili, Dar es Salaam)

Juni au Septemba, dada. Agosti ni msongamano. Watoto wapeleke Roda, kaskazini: mchanga, maji ya kina kifupi. Paleokastritsa ni nzuri ajabu ila maji yake ni baridi kweli. Beba khanga: juu ya kilima pale kuna monasteri ya tangu karne ya 13, na mabega na magoti yafunikwe.

Halali je? (Msomaji, Muscat)

Samaki wa kuchoma hupatikana kirahisi. Jihadhari na sofrito, nyama yenye kitunguu saumu inayosifiwa sana: hupikwa kwa mvinyo.

Nina pasipoti ya Kenya. Naweza kupitia Albania siku moja kisha nirudi? (Msomaji, Nakuru)

Utahitaji viza ya Schengen, ile moja inayotumika katika nchi nyingi za Ulaya, pamoja na bima ya matibabu isiyopungua euro 30,000. Boti za kwenda Saranda, bandari ya Albania, zipo, na safari ni fupi. Lakini Albania haimo Schengen, kwa hiyo ukishavuka umetoka. Kama viza yako ni ya kuingia mara moja tu, hutaweza kurudi Corfu. Omba ya kuingia mara nyingi tangu mwanzo, kaka, kabla hujakata tiketi yoyote, na uulize pia masharti ya Albania yenyewe.