Raha Isiyotajika Mezani

Mimi ni mke wa mtu, nina watoto wawili, na napenda rumba sana. Ijumaa moja moja nikitoka kazini huelekea Westlands na wenzangu, tukacheza mpaka miguu iombe msamaha. Nyumbani wanajua, na ushauri wangu unaanzia hapo.

Katika ndoa nyingi ninazozijua hapa Nairobi, kinachozua ugomvi ni uongo kuliko raha yenyewe. Mtu anasema alikwama Thika Road, kumbe simu imejaa jumbe za M-Pesa za kulipia nyama choma, saa na jina la mwenye kilabu vyote vipo. Ikiwa raha yako huwezi kuitaja mezani, jiulize kwa nini.

Kwetu pesa za raha hutengwa mshahara ukiingia, baada ya kodi ya nyumba, karo na kitu cha wazazi. Cha wazazi usikingoje kibaki, hakibaki. Tuma siku hiyo hiyo. Kisha kila mmoja ana fungu lake, likiisha limeisha. Hapa nina ukali kidogo: usifulize, yaani usichukue mkopo wa Fuliza wa M-Pesa, kwa ajili ya pombe. Unga ukiisha, sawa. Lakini deni la Fuliza hujilipa lenyewe pesa yoyote ikiingia kwenye laini yako. Ndugu zako wakikutumia mchango wa dawa za mama, bili ya Ijumaa inakatwa kwanza, na hapo utawaeleza nini?

Wazee ni kibarua kingine. Mama mkwe alipotutembelea aliniuliza, "Mke wa mtu anarudi saa hizi?" Nikamjibu, "Mama, mwanao alijua niliko, na watoto alikuwa nao yeye." Hakufurahi, na mpaka leo hafurahii. (Mwanawe akitazama mpira nje hadi usiku wa manane, hakuna anayeitisha kikao.) Sikubishana naye. Mzee akikuuliza, mpe jibu la kweli kwa sauti ya chini, kisha mwandalie chai. Usidai akubaliane nawe.

Anakuja tena likizo ya Agosti. Wiki hiyo sitatoka, na hakuna aliyeniomba. Mume wangu ndiye anayecheka, anasema nimeanza kuzeeka. Nimemwambia basi naye mpira atautazama sebuleni, na mama yake.