Farasi Mchanga na Kanta Yake ya Kwanza

Kaskazi alikuwa na miaka minne na nusu nilipoanza kumfundisha kanta, yaani mbio za wastani, na wiki tatu za mwanzo nilimkosea sana yule jike. Nalisema hili mapema kwa sababu mwezi huu vijana wawili wanaofanya kazi kwenye mazizi ya huku Usa River wamenijia na swali lilelile lililonisumbua mimi: "Kaka, huyu farasi kutembea anatembea vizuri, troti anaiweza, lakini ukimtaka kanta anazidisha troti tu mpaka kiuno kinauma. Tumchape?"

Msimchape. Hajagoma. Anatafuta namna ya kutoanguka.

Kanta ni mwendo ulio kati ya troti, ambayo wazee huiita mwendo wa matiti, na shoti yenyewe. Troti ina mapigo mawili, miguu inakanyaga kwa jozi za mshazari, na hata farasi mchanga huimudu kwa sababu kila pigo lina miguu miwili chini. Kanta ina mapigo matatu. Akizunguka kushoto, anaanza na mguu wa nyuma wa kulia, unafuata wa nyuma wa kushoto pamoja na wa mbele wa kulia, kisha wa mbele wa kushoto, halafu kwato zote nne zinakuwa hewani kidogo. Simama kwenye uzio ufumbe macho, utasikia: pa, ta, ta, kimya. Pa, ta, ta, kimya. Lile pigo la kwanza linabebwa na mguu mmoja tu wa nyuma. Mnyama wa kilo 400 na zaidi, ambaye uti wake wa mgongo unaendelea kukomaa mpaka anapokaribia miaka sita, leo abebe uzito wake wote na wako kwa mguu mmoja, tena kwenye kona! Ndiyo maana anakimbilia kasi.

Mimi sikuyajua hayo. Nilimpiga visigino, nikamkimbiza troti mzunguko hadi mzunguko nikitumaini kanta itatokea humo. Kaskazi akaanza kulaza masikio kila akiniona na tandiko. Asubuhi moja nilipitisha kiganja nyuma ya mabega yake, ngozi ikatetemeka na mgongo ukabonyea kama anaukwepa mkono wangu. Tandiko lilikuwa linambana. Alikuwa ameota misuli, amepanuka, na mimi nilikuwa bado namvika lilelile la miezi sita nyuma. Iliniuma sana, na mpaka leo sianzi somo jipya kabla ya kupapasa mgongo na kuhakikisha meno na kinywa havina kidonda kinachogombana na lijamu, kile chuma cha kinywani.

Alipopona, mzee mmoja aliyetunza farasi tangu ujana wake aliniuliza: "Mwanangu, umewahi kumwona akienda kanta bila wewe?" Sikuwahi. Tukamtoa na kamba ndefu, mzee akasimama katikati, akamwacha atroti taratibu, kisha akatamka neno moja kwa sauti ya kupanda: "Kan-ta!" Kushoto aliipata mara ya tatu. Kulia alichanganya miguu, mbele anakwenda hivi na nyuma vile, akarudi kwenye troti. Kwa hiyo kazi ya kupanda ikaanzia kushoto, upande wake mwepesi. Ule mgumu ulisubiri wiki mbili kwenye kamba, dakika chache tu kwa siku, maana kuzungushwa sana kunachosha viungo vya farasi anayekua.

Sasa ukiwa juu yake. Chora duara kubwa: pigilia kigingi, funga kamba ya mita 10, zunguka nayo ukiburuta jembe, utapata duara lenye upana wa mita 20. Dogo zaidi ya hapo ni kumwonea. Anza na troti ya polepole, yenye mapigo unayoweza kuyahesabu kwa sauti. Ikiharakisha, usiombe kanta. Irudishe kwanza itulie, hata ikichukua mizunguko mitano. Karibu na kona ya uzio, mguu wako wa ndani, ulio upande wa katikati ya duara, ubaki kwenye mkanda wa tumbo, wa nje uteleze nyuma kidogo, kisha tamka neno lile alilolizoea kwenye kamba. Hatamu ya ndani usiivute. Wengi huivuta, na ukiivuta unaufunga ule mguu wa mbele unaotaka utangulie. Akiingia, inua makalio kidogo kutoka kwenye tandiko, shika manyoya ya shingo, uache mgongo wake ufanye kazi.

Hatua sita zinatosha. Mrudishe kwenye troti wewe, kabla hajaanguka humo mwenyewe, kisha mlegezee hatamu, msifie, atembee. Sikio la ndani likigeuka kukusikiliza na akapumua kwa pua kwa nguvu, huyo yuko na wewe. Akitangulia na mguu wa mbele wa nje badala ya wa ndani, usimkaripie, rudi kwenye troti uombe tena pale pale konani.

Kaskazi alifunguka hasa tulipotoka nje, nyuma ya farasi mzee aliyetulia, kwenye mwinuko mdogo wa njia ya mashamba ya kahawa, tukipanda. Mlima humpa farasi sababu ya kusukuma kwa nyuma, na mwenzake mbele humpa moyo. Lakini masika, udongo ule mweusi ukiloa, tunabaki kutembea tu. Na akitoka kupata chanjo ya ugonjwa wa farasi unaoletwa na usubi, kanta inasimama mpaka daktari wa mifugo aseme.

Upande wa kulia aliupata mwezi wa tatu wa mafunzo, hatua nne safi, nami nikashuka pale pale nikamvua tandiko, saa moja na nusu asubuhi, kazi ya siku ikaishia hapo.

Ninyi vijana, njooni Jumamosi kabla jua halijawa kali. Kamba ninayo. Mje na tandiko lenu, tulitazame mgongoni kwa farasi wenu kwanza.