Makardinali wanamsahihisha Papa, wanamkosoa au wanamwonya?

SWALI: Katika makala kuhusu makardinali waliotofautiana na Papa Fransisko niliandika: "Makardinali wanaweza kumsahihisha Papa rasmi." Mhariri akafuta "kumsahihisha" akaweka "kumkosoa". Rafiki yangu Mkatoliki anasema yote mawili hayafai. Nimwamini nani?

JIBU: Rafiki yako ana hoja, ingawa mhariri naye hakupotoka sana.

Tuanze na kitenzi chako. Mwalimu husahihisha mtihani, mhariri husahihisha mswada. Anayesahihisha ndiye mwenye jibu, na akishapiga alama yake mjadala umekwisha. Kumweka Papa mahali pa karatasi ya mtihani kunagongana na Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, ambayo kanuni yake ya 1404 inasema Kiti cha kwanza, yaani Papa, hakihukumiwi na yeyote. Hakuna ofisi iliyo juu yake ya kumpigia alama. "Kumrudi" ndiyo kabisa usiiguse, kwa kuwa mzazi ndiye amrudiye mtoto.

"Kosoa" ina historia tamu. Ni kinyume cha "kosa", kama "fungua" ilivyo kinyume cha "funga": kukosoa ni kuliondoa kosa. Kwa asili yake, basi, mhariri wako yuko karibu na shabaha. Bahati mbaya matumizi ya leo yameibeba kwingine. Ukisema fulani amemkosoa Papa, msomaji anaona mtu aliyetoa dosari kwenye vyombo vya habari akaenda zake. Haoni mtu anayetaka kosa liondoke.

Ningechukua "kuonya". Imetokana na "ona": kumwonya mtu ni kumfanya aone. Na Biblia ya Kiswahili imeshatufanyia kazi. Barua ya kwanza kwa Timotheo, sura ya 5, inaanza: "Mzee usimkemee, bali umwonye kama baba." Tazama vitenzi viwili vilivyowekwa bega kwa bega. Kukemea kunatoka juu kwenda chini. Kuonya kunaweza kupanda. Thomas wa Akwino, mwanateolojia mkubwa wa Kanisa, alifundisha jambo hilohilo kwa njia yake: aliye chini hamwadhibu mkuu wake, lakini kwa upendo anaweza kumwonya, tena kwa heshima. Mfano wake ni Paulo, aliyeandika kuhusu Kefa, yaani Petro, kule Antiokia: "nalishindana naye uso kwa uso". (Hiyo "nali-" ni ya kizamani. Usiiige kwenye makala yako.)

Lakini "onya" nayo imekauka kidogo. Siku hizi kuna barua ya onyo kazini, kuna "nakuonya!" ya mtu aliyekunja ngumi. Kwa hiyo iongezee neno: kumwonya kindugu. Wakatoliki watalitambua mara moja.

Sasa "rasmi", ambalo kwangu ndilo lenye matatizo makubwa zaidi katika sentensi yako. Neno hilo hudai utaratibu: fomu, kikao, mhuri. Mwaka 2016 makardinali wanne, Brandmüller, Burke, Caffarra na Meisner, walimwandikia Papa maswali matano juu ya waraka wake kuhusu familia, Amoris Laetitia. Maswali hayo yaliitwa "dubia", yaani mashaka. Kardinali Burke alizungumzia hata uwezekano wa tendo rasmi la kurekebisha, lakini makardinali hao hawakulitoa. Mwaka 2017 ilitoka hati ya mapadre na wasomi iliyojiita marekebisho ya kimwana, yaani ya mwana kwa baba yake. Jina hilo halikuipa mamlaka ya kisheria. Walichokuwa nacho ni kile ambacho kanuni ya 212 inawapa waamini wote: haki, na pengine wajibu, wa kuwaeleza wachungaji maoni yao kwa heshima.

Angalia pia "wanaweza". Msomaji hajui kama unasema uwezo au ruhusa. Kuandika barua kila mtu anaweza. Swali lako ni la haki. Sema "wana haki ya".

Je, "sahihisha" haina nafasi kabisa? Inayo, ukiipachika "-ji-". Papa Yohane wa XXII alihubiri kuanzia mwaka 1331 kwamba roho za watakatifu hazimwoni Mungu uso kwa uso kabla ya siku ya mwisho. Wanateolojia wa Paris wakampinga, na mwaka 1334, akiwa kitandani karibu na kufa, akaiacha kauli hiyo. Waliomzunguka walimwonya, aliyesahihisha ni yeye. Alijisahihisha. Papa Honorius wa I ni habari nyingine: Mtaguso (mkutano mkuu wa maaskofu) wa tatu wa Konstantinopoli, mwaka 680 hadi 681, ulimhukumu yeye akiwa amekufa tangu 638. Huyo hakusahihishwa wala hakuonywa. Alihukumiwa, na kitenzi hicho hapo kinatosha.

Sentensi yako ningeiandika hivi: "Makardinali wana haki ya kumwonya Papa kindugu, hata hadharani, lakini hawana mamlaka ya kumhukumu." Na ukitaja zaidi ya mmoja, andika "Mapapa". "Papa" watatu ni samaki.