Muhula Mmoja Berlin: Mambo ya Kuyamaliza Ukiwa Bado Kigoma

Tangu nilipomaliza muhula wa baridi jijini Berlin na kurudi nyumbani Mwanga, wanafunzi wa hapa Kigoma wanaojiandaa kwenda kusoma ng'ambo huja kuniuliza habari za koti. Huwajibu kwamba koti zito litapatikana kule kule, tena la mtumba kwa bei nafuu. Kilichonitoa machozi mimi ni karatasi moja ya anwani, ambayo ningeweza kuwa na uhakika nayo kabla sijapanda treni.

Mwanafunzi wa Kigoma hana budi kuanza mapema kuliko mwenzake wa Dar es Salaam, kwa kuwa ubalozi wa Ujerumani uko huko, alama za vidole hutolewa na mwombaji mwenyewe, na kati yetu na Dar kuna zaidi ya kilomita 1,200 za reli. Kila karatasi iliyosahaulika ni safari nyingine na nauli nyingine. Shughulikia kwanza pasipoti, ambayo ada yake ni shilingi 150,000, na kabla hujagusa fomu ya viza linganisha jina lako kwenye cheti cha kuzaliwa, kitambulisho cha NIDA na vyeti vya shule. Jina la baba yangu lilitofautiana kwa herufi moja tu, na herufi hiyo ilinipeleka kwa wakili kutafuta hati ya kiapo wakati wenzangu wamekwisha kupata miadi ya ubalozi.

Kuhusu fedha, Ujerumani hutaka uthibitisho kwamba unaweza kujikimu. Tangu Septemba 2024 kiwango cha kawaida kwa mwanafunzi ni euro 992 kwa mwezi, nacho huthibitishwa ama kwa akaunti maalumu inayokuachia fedha hizo mwezi baada ya mwezi, ama kwa barua ya ufadhili. Barua, hata hivyo, hainunui mkate. Fedha zangu za ufadhili ziliingia wiki ya tano, kwa hiyo nakusihi uwe na akiba ya mwezi mmoja na nusu, pamoja na dhamana ya chumba.

Sasa nije kwenye chumba. Kila anayehamia Ujerumani hupaswa kuandikisha makazi yake katika ofisi ya serikali ndani ya wiki mbili tangu ahamie, na shughuli hiyo, inayoitwa Anmeldung, inadai hati iliyosainiwa na mwenye nyumba kuthibitisha kwamba unaishi pale. Pasipo uandikishaji huo, kibali cha kuishi hukwama, na benki nyingi hazitakufungulia akaunti. Mimi nilipata chumba kwa intaneti, nikalipa miezi miwili, kumbe aliyenipangisha naye alikuwa mpangaji asiye na ruhusa ya kupangisha. Jioni ya siku ya tatu nilimwekea hati ile na kalamu juu ya meza ya jikoni. Aliisoma mpaka alipofika sehemu ya jina lake, akaisukuma taratibu hadi ikaingia chini ya bakuli la sukari, akaniambia kwamba katika nyumba ile jina langu halitaandikwa popote. Fedha zangu sikurudishiwa, na nililala sakafuni kwa Mtanzania mwenzangu usiku 19.

Kwa sababu hiyo, omba bweni la wanafunzi siku ile ile unayopokea barua ya kukubaliwa na chuo, kwa maana foleni yake ni ndefu. Ukilazimika kutafuta chumba cha mtu binafsi, muulize kwa maandishi, kabla ya kutuma hata senti, kama atakusainia hati ya makazi. Akianza kuzunguka mbuyu, achana naye. Mwombe pia mtu aliyeko huko akakitazame chumba kwa macho yake, kisha uwahi kuchukua miadi ya ofisi kwa mtandao, kwa sababu miadi ya Berlin hujaa upesi.

Masomo yasikupe hofu kubwa, mradi orodha ya kozi isainiwe na mkuu wa idara yako kabla hujaondoka. Muhula kamili ni krediti 30. Tiketi ya karatasi ya treni ya mjini igonge muhuri kwenye mashine kabla ya kupanda, kwani vituo havina mageti na anayekamatwa bila tiketi halali hutozwa euro 60. Chakula cha Jumapili kinunue Jumamosi, maana maduka mengi hufungwa. Ukijitambulisha darasani, waeleze habari za Liemba, meli ya ziwa letu iliyojengwa Papenburg mwaka 1913 na kuletwa Kigoma vipande vipande; mimi nilipata marafiki wawili kwa habari hiyo.

Giza ndilo lililonilemea kuliko baridi. Mwezi Desemba jua la Berlin huzama kabla ya saa kumi jioni, na sisi tuliozoea jua la ziwani lisilobadilika mwaka mzima huanza kujifungia chumbani bila kujua sababu. Toka nje mchana, hata kwa nusu saa. Halafu kumbuka kwamba Jumapili ya mwisho ya Oktoba saa za Ulaya hurudishwa nyuma, na tofauti ya muda kati ya huko na nyumbani huwa ya saa mbili badala ya saa moja. Mwandikie mama saa ya kupigiana simu kwenye karatasi, aibandike ukutani, ili asikae macho akisubiri.