Ukijiita "versatile" kwenye wasifu, uwe na ushahidi

Msomaji mmoja wa Bujumbura amenitumia wasifu wake wa kazi niupitie. Mstari wa kwanza tu, kajiita versatile. Nikatabasamu, maana mwezi uliopita neno hilohilo limenisaidia kupata mkataba niliousotea sana.

Ila yeye kasomea Kifaransa, na hapo pana mtego. Kwa Kiingereza, versatile ni mtu anayeshika kazi za aina nyingi na zote akaziweza. Vitu pia huitwa hivyo: kanga, leo vazi, kesho mbeleko. Kwa Kifaransa neno huandikwa vilevile, herufi kwa herufi, lakini ni lawama: kigeugeu, mtu asiye na msimamo. Anayetaka kujisifu kwa Kifaransa aandike polyvalent. Asili ni moja, Kilatini, kwenye kitenzi cha kugeuza. Hata wataalamu wa ndege wanalo: kidole cha nje cha bundi, kinachoweza kuelekea mbele au nyuma, kwa Kiingereza ni versatile.

Bosi wangu wa zamani hakujua Kifaransa, lakini aliniona kwa jicho hilohilo la kigeugeu. Nilikuwa napiga picha, nahariri video, na wageni wakija natafsiri. Siku ya kupandisha watu vyeo akatamka mbele ya wenzangu kwamba sina fani. Bado linaniuma, sitaficha. Dereva alipougua, nani alishika usukani? Huyuhuyu asiye na fani, kamera ikiwa kiti cha nyuma.

Kwa hiyo vijana, acheni kujipamba kwa maneno matupu. Ukiliandika, hapohapo taja kazi mbili zisizofanana ulizozifanya na matokeo yake. Narudia, taja kazi. Mimi niliandika kuhusu mkutano niliopiga picha asubuhi na kutafsiri mchana, basi.

Wala usilichanganye na flexible. Hilo mwajiri akiliona anaelewa kwamba ratiba yako inapindika, na Jumapili atakupigia simu. Adaptable ni anayezoea mazingira mapya upesi, hata kama ujuzi wake ni mmoja tu. Kama ulihamishwa mji usioujua ukaendelea kuchapa kazi, andika hilo.

Matamshi nayo yasikutoe jasho. Waingereza humalizia kwa "ta-il", Wamarekani kwa "tol". Aliyenisaili alikuwa Mmarekani. Mimi nikatamka kama nilivyofundishwa sekondari, na mkataba nikasaini.